Mbona filamu za Takeshi Kitano zimekaa kimya hivyo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Morogoro, najifunza uhariri wa filamu mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima. Rafiki yangu amenipa flashi yenye filamu kadhaa za Takeshi Kitano, akaniambia huyu ni mkubwa. Mimi nilikuwa namjua kwa ile michezo ya Takeshi's Castle, watu wanaanguka kwenye matope. Nimetazama Sonatine na kwa kweli nimechoka. Watu wanasimama tu, hawaongei. Stelingi hana hata sura ya hasira. Bastola zinalia na hakuna anayejificha. Katikati ya filamu majambazi wanacheza mchangani kama watoto. Halafu mwisho stelingi anajiua wakati keshashinda! Ni mimi nisiyeelewa au jamaa anasifiwa bure? Na kama ni kuendelea, niendelee na ipi? Ningependa walau moja niitazame na mama.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umekiri kuchoka. Wengi wakishaambiwa fulani ni mkubwa hutikisa kichwa, wakasinzia kimyakimya, asubuhi wakaanza kusifia. Wewe umetaja mambo matano yaliyokuudhi, na yote matano umeyaona sawasawa. Kusimama kimya, sura tupu, kutojificha risasi, mchezo wa mchangani, kifo cha stelingi: Kitano ndiye huyo, hakuna kingine ulichokosa kuona. Nitakachoongeza mimi ni asili ya mambo hayo. Hakuyatoa kwenye filamu. Aliyatoa kwenye vichekesho.

Kitano alizaliwa mwaka 1947 katika wilaya ya Adachi, Tokyo, upande wa watu wa kipato kidogo. Baba yake, Kikujiro, alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Mama yake, Saki, alikuwa mkali wa shule, na mtoto akafika hadi Chuo Kikuu cha Meiji kusomea uhandisi. Akaacha. Akaenda zake Asakusa, mtaa wa kumbi za burudani, akapata kazi ya kuendesha lifti katika ukumbi uitwao France-za. Ukumbi ule watu walikwenda kutazama wanawake wakicheza na kuvua nguo. Katikati ya maonyesho walitoka wachekeshaji kujaza muda. Pale ndipo Kitano alipojifunza kazi, chini ya mchekeshaji mkongwe aliyeitwa Senzaburo Fukami, pamoja na kucheza ile dansi ya kugonga viatu sakafuni. Fikiria shule hiyo. Ukumbi umejaa wanaume ambao hawakuja kwa ajili yako na wanasubiri uondoke. Hapo ukichelewa sekunde moja umekwisha, ukiwahi sekunde moja umekwisha pia.

Miaka ya 1970 akaungana na mwenzake, Beat Kiyoshi, wakajiita Two Beat. Walifanya manzai, uchekeshaji wa watu wawili wanaosimama mbele ya maikrofoni: mmoja anasema upuuzi, mwingine anamrekebisha. Kitano ndiye aliyekuwa wa upuuzi, na alikuwa mpiga domo asiyeshikika. Maneno yalimtoka kama mvua ya masika: wazee, wake wa watu, watu wa shamba, hakuna aliyesalimika. Hadi leo akiigiza jina lake huandikwa Beat Takeshi, na akiongoza filamu huandikwa Kitano Takeshi. Ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na mwaka 2005 alitengeneza filamu nzima, Takeshis', juu ya majina hayo kukutana.

Basi huyo mropokaji ndiye aliyekuja kutengeneza filamu ambazo watu hawasemi. Unaona ajabu yake? Wajapani wana neno ma. Ni nafasi iliyo kati ya kitu na kitu, kati ya neno na neno, kati ya pigo la ngoma na pigo linalofuata. Herufi yake inachorwa lango, na kati ya mihimili ya lango kuna jua, yaani mwanga unaopenya kwenye uwazi. Mchekeshaji wa manzai anaishi kwa ma. Upuuzi ukishasemwa, kuna kipande cha kimya kabla mwenzake hajamrekebisha, na kicheko kinazaliwa mle. Kitano alipohamia kwenye filamu aliyaacha maneno jukwaani akachukua ule uwazi.

Alivyohamia ni kisa chenyewe. Mwaka 1983 mwongozaji Nagisa Oshima alimpa nafasi ya Sajini Hara katika Merry Christmas, Mr. Lawrence, filamu ya kambi ya wafungwa wa vita kule Java, akiwa pamoja na wanamuziki David Bowie na Ryuichi Sakamoto. Hara ni askari katili, halafu ni mlevi, halafu ni mtu. Sini ya mwisho yuko chumbani kwake anasubiri kunyongwa, na Mwingereza aliyewahi kuwa mfungwa wake amekuja kumuaga. Kamera inamkaribia usoni. Anatabasamu, anamtakia Krismasi njema, basi. Kitano amesimulia kwamba aliingia ukumbi wa sinema kujiona, na alipotokea tu kwenye skrini watazamaji wakaangua kicheko. Hakuwa amefanya lolote. Walimwona mchekeshaji wa kwenye televisheni amevaa magwanda. Ni kama marehemu King Majuto angetokea kwenye filamu akiwa muuaji: kabla hajaushika mkuki watu washashika mbavu. Jambo lile lilimkaa rohoni, akaanza kutafuta nafasi za watu wabaya, moja baada ya nyingine, hadi watu wamzoee.

Ukielewa hilo, ile sura tupu iliyokuudhi inaanza kuwa na maana. Mtu ambaye uso wake wote wanaujua kwa kucheka, akiuzima, anatisha kuliko jambazi yeyote anayekunja ndita.

Kuongoza kulimjia kwa bahati. Filamu ya Violent Cop ya 1989 ilipangwa iongozwe na Kinji Fukasaku, mzee wa filamu za yakuza, yaani majambazi wa magenge ya Kijapani, yeye Kitano akiwa mwigizaji tu. Fukasaku akajitoa, kazi ikamwangukia mchekeshaji. Mle ndani kuna polisi anayempiga vibao mshukiwa chooni. Kibao, kibao, kibao. Filamu nyingine ingekupa vitatu ikakata. Hii inaendelea hadi unahisi aibu ya kutazama, inaendelea tena hadi unataka kucheka, na hapo ndipo unapojishtukia. Ni hesabu ya jukwaani: ukirudia kitu mara tatu kinachekesha, mara kumi kinachosha, mara ishirini kinakuwa kitu kingine kabisa.

Sasa turudi kwenye Sonatine, ya mwaka 1993. Alihariri mwenyewe, kwa hiyo ni somo lako hasa. Nataka uirudie sini ya winchi, ile ya mapema, usiku bandarini. Kuna mtu mwenye nyumba ya kuchezea kamari ya mahjong, amekataa kulipa. Murakawa, yule stelingi wako, na watu wake wamemfunga kwenye winchi. Wanamzamisha majini, wanamtoa, anakohoa. Wanamzamisha tena. Wakati yuko chini ya maji wao wanaongea habari za kazi, kuhusu safari ya Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, kwa sauti ya watu wanaosubiri daladala. Maongezi yananoga. Mtu anakumbuka, aa, yule bwana. Wanamtoa, keshakufa. Murakawa hashtuki wala hafurahi.

Angalia hakuna nini pale. Hakuna sura ya mtu anayekata roho, hakuna mapovu, hakuna muziki wa kukuambia uogope. Kuna maji yaliyotulia na watu wanaopiga soga. Kifo kimetokea ndani ya ma, katikati ya sentensi mbili. Wewe ndiye uliyekuwa unahesabu dakika huku wao wamesahau, na kwa kuwa ulihesabu, wewe ndiye uliyekuwa chini ya maji na yule bwana.

Kitano ana maelezo yake ya jambo hili na ameyatoa kihesabu, maana uhandisi haukumtoka wote. Chukua x ambaye anawaua a, b, c na d. Mwongozaji wa kawaida atakuonyesha x na a, kisha x na b, kisha x na c, hadi amalize. Shuleni tulifundishwa kwamba ax + bx + cx + dx unaweza kuitoa x nje ya mabano: x(a + b + c + d). Basi yeye anakuonyesha x akitembea, kisha anakuonyesha maiti. Alama za kujumlisha unaziweka mwenyewe kichwani. Nimefundisha uhariri miaka mingi na sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Lijaribu wiki hii: chukua sini yako yoyote ya ngumi, likate pigo lenyewe, ubaki na mkono unaopanda na mtu aliyekwisha kuanguka. Sauti iache. Utaona lile pigo limekuwa zito zaidi.

Umeuliza kwa nini hawajifichi risasi zinapolia. Filamu tulizokulia zimetuzoesha stelingi anayebingirika nyuma ya meza na adui mwenye shabaha mbovu. Kwenye ile baa ya Okinawa watu wanasimama wima, wananyoosha mikono, wanapigana risasi kwa nyuso za watu waliopanga foleni benki. Wanaoanguka wanaanguka. Mimi naiona kama picha ya watu ambao kazi yao imeshawachosha kiasi cha kutoona maana ya kuinama. Murakawa mwenyewe mapema tu anasema amechoka, kwamba anafikiria kuacha. Sisi tunalisikia tunalipita, maana kwenye filamu kila jambazi husema hivyo.

Halafu ule ufuko. Hapa naomba uwe mvumilivu nami kidogo, maana ndiyo moyo wa filamu na ndipo uliposinzia.

Wametumwa Okinawa kusuluhisha ugomvi wa magenge, kumbe wametegwa. Wanajificha kwenye nyumba iliyo peke yake pwani. Hakuna la kufanya. Wanaanza na mchezo wa sumo ya karatasi: vitu vidogo vya karatasi unavisimamisha juu ya boksi, unagongagonga kwa vidole, vinasukumana hadi kimoja kianguke. Kesho yake wanachora duara mchangani na wanacheza wao wenyewe, watu wazima wenye mashati ya maua, wakirukaruka kama zile karatasi huku wenzao wakipiga mchanga kwa viganja. Tazama ilivyo kinyume cha mambo: mtu anaigiza karatasi inayoigiza mtu. Hawa ni watu ambao maisha yao yote mkubwa fulani huko Tokyo amekuwa akigonga boksi. Filamu haikuambii hivyo. Inakuachia mchanga na kicheko.

Kuna na siku ya bastola. Vijana wawili wanashindana kupiga kopo lililowekwa kichwani mwa mwenzake. Murakawa anakuja, anabakiza risasi moja, anazungusha, anawaalika wacheze ule mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi na mkasi. Anayeshindwa anaelekezewa bastola kichwani. Wale vijana wanatetemeka. Raundi ya mwisho inamwangukia yeye. Anaiweka bastola kwenye paji lake pembeni, na anatabasamu. Tabasamu pana, la mtoto. Anavuta. Tik. Risasi haikuwemo, alikuwa ameitoa.

Wewe umeniandikia kwamba mwisho anajiua wakati keshashinda, kana kwamba mwongozaji amekudanganya. Rudi kwenye tabasamu lile. Mchekeshaji hutega jambo mapema, akaliacha, akaongea mengine hadi ulisahau, halafu akalifyatua ukiwa umekaa vibaya. Kitano alitega kifo cha Murakawa katikati ya filamu kama utani, mbele ya macho yako, na ulicheka au ulipumua. Mwisho, kwenye gari, karibu kabisa na pale yule msichana aliyekuwa naye ufukweni anapomsubiri barabarani, utani ule ule unarudi ukiwa na risasi ndani. Mkono ni ule ule, upande wa kichwa ni ule ule. Mimi mara ya kwanza sikuuona uhusiano huo, nawe usijione mjinga. Niliuona mara ya tatu, nikiwa nimekaa nayo kwenye meza ya kuhariri nairudisha nyuma kwa ajili ya darasa.

Na yale mauaji makubwa kabla ya mwisho? Umeme umekatwa, nasi kwa sehemu kubwa tuko nje, kwenye giza, tunaona mwanga wa bunduki ukimulika madirishani. Mabano tena.

Nikupe kisa kimoja kabla sijaendelea. Zamani, enzi za sidii, mwenye kibanda umiza kimoja mtaani kwetu alinunua Sonatine kwa sababu ya kava: mtu, miwani, bastola. Akamleta mtafsiri wake, fundi hasa, anayeweza kumfanya Mchina agombane na Mhindi kwa Kiswahili cha Manzese na watu wakavunjika mbavu. Winchi aliimudu. Baa aliimudu. Tulipofika ufukweni akaanza kuwapachikia maneno: huyu anamdai huyu, huyu kaibiwa kandambili. Dakika tano. Kumi. Sauti ikaanza kumpungua, mwishowe akasema kwenye maikrofoni, “Hawa jamaa wanacheza tu, tuwaangalie.” Akaizima. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele arudishiwe hela yake. Lakini wengine, naapa, walitulia wakatazama, na bastola ilipofika kwenye kipaji cha Murakawa kibanda kizima kilikuwa kimenyamaza hadi feni ikasikika.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu Japani nao walikuwa na watafsiri wao. Enzi za filamu zisizo na sauti walisimama watu pembeni ya skrini wanaoitwa benshi, wakisimulia, wakiigiza sauti zote, na wengine walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Kaka yake mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Sauti ilipoingia kwenye filamu kazi yao ikafa miaka ile ya 1930. Kwa hiyo usifikiri Wajapani ni watu waliozaliwa wakipenda filamu za kimya. Sonatine yenyewe haikufanya biashara nyumbani. Kule walimtaka Beat Takeshi wa kuwachekesha; waliomwona mwongozaji mapema zaidi ni watu wa Ulaya.

Agosti 1994 alipata ajali ya pikipiki usiku, nusura afe. Upande wa kulia wa uso ukapooza. Mtu aliyejenga kazi kwa uso usiotikisika sasa ana uso ambao nusu yake haiwezi kutikisika hata akitaka, na nyingine inajirusharusha yenyewe. Alipokuwa anapona alianza kuchora. Picha zile ziko ndani ya Hana-bi, ya 1997: wanyama ambao vichwa vyao ni maua. Kwenye filamu zinachorwa na Horibe, polisi aliyepigwa risasi akaishia kwenye kiti cha magurudumu na mke akamkimbia, lakini mkono ni wa Kitano.

Hana-bi ndiyo filamu yake kubwa, na sisemi hivyo kwa sababu ya Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, aliyempata mwaka huo, japo hakuna Mjapani aliyekuwa amempata tangu 1958. Hana ni ua, bi ni moto. Ukiunganisha ni fataki, zile za sikukuu. Kitano ameweka kistari katikati ili uyaone maneno yote mawili. Nishi ni polisi aliyeacha kazi. Mtoto wao amekufa, mke wake ana saratani ya damu. Anaiba benki peke yake, akiwa kwenye teksi aliyoipaka rangi ikawa gari la polisi, ili ampeleke mkewe matembezi ya mwisho. Njiani wanacheza karata, wanawasha fataki, wanapiga picha. Nishi haongei. Mke haongei. Filamu inakaribia kwisha, wako ufukweni wameketi bega kwa bega, na ndipo mke anapofungua kinywa. Anasema maneno mawili: asante, na samahani. Kamera inawaacha, inageukia baharini taratibu. Mawimbi. Mlio wa bastola. Kimya. Mlio wa pili.

Kuna binti pembeni aliyekuwa akirusha tiara, ameshtuka, anatazama. Binti huyo ni mtoto wa Kitano mwenyewe.

Kwa sikio la mhariri, muda kati ya mlio wa kwanza na wa pili ni kazi ya mtu aliyesimama miaka kumi na kitu mbele ya maikrofoni akihesabu lini watu watacheka.

Muziki wa filamu hiyo ni wa Joe Hisaishi, aliyefanya naye kazi kuanzia 1991 hadi Dolls ya 2002. Kwa ladha yangu hapo Kitano hudanganya kidogo. Picha zinakataa kulia, muziki unalia kwa niaba yake.

Kasoro anazo, na usiziogope. Wanawake wake ni mabubu mno. Msichana wa Sonatine anaitwa Miyuki, mke wa Hana-bi anaitwa Miyuki, na wote wawili kazi yao ni kumtazama mwanamume anayekwenda kufa. Ukimya wa mwanamume kwenye filamu hizi umejaa, wao mara nyingi wamenyamazishwa tu. Brother ya 2000, aliyoipeleka Los Angeles, ina vidole vingi vilivyokatwa na mawazo machache. Filamu za 2005 hadi 2008, alipokuwa anajitengenezea filamu kuhusu yeye mwenyewe, mimi nilizimaliza kwa heshima tu. Na ukatili wake haukubaki kwenye skrini siku zote: Desemba 1986 alivamia ofisi za jarida liitwalo Friday akiwa na kundi la wanafunzi wake, baada ya mwandishi wa jarida hilo kumsumbua mwanamke aliyekuwa karibu naye, akapewa kifungo cha nje. Wapo wanaolisimulia tukio hilo kama ushujaa. Mimi silioni hivyo, ila linanikumbusha kwamba anapoonyesha hasira inayokuja bila kupiga hodi hafanyi kukisia.

Uendelee na ipi, basi. Kama hiyo flashi ina ile ya 1991, A Scene at the Sea, anza nayo. Jina lake la Kijapani, ukilifasiri, ni “Majira yale ya joto, bahari tulivu kupita zote”. Kijana mzoa taka, kiziwi, anaokota ubao mbovu wa kutelezea mawimbini, anautengeneza, anakwenda baharini kila siku. Msichana wake, kiziwi pia, anakaa mchangani anamkunjia nguo. Ndiyo hivyo tu. Hapo huwezi kulalamika hawaongei. Kuna mahali dereva wa basi anamkatalia kupanda na ubao, msichana anapanda peke yake. Usiniulize kinachofuata, kitazame. Kwenye mashindano ya kwanza wanamwita jina lake kwenye kipaza sauti na yeye ameketi tu ufukweni, zamu inampita. Kitano hakulizi wala hakuchekeshi hapo. Anakuonyesha watu wawili wameketi.

Kisha Kids Return ya 1996, ya kwanza kuiongoza baada ya ajali tukiacha ile ya mizaha aliyokuwa ameshaipiga. Yeye hayumo. Vijana wawili watoro wa shule, mmoja anaingia kwenye ngumi, mwingine kwenye yakuza, wote wanafeli. Ukiwa kijana unayejifunza kazi kwa kompyuta ya kuazima, hiyo itakugusa kuliko inavyonigusa mimi. Tazama pia wachekeshaji wawili wanaopita nyuma ya hadithi: mwanzoni wanasema manzai yao mbele ya viti vitupu, mwishoni ukumbi umejaa. Hakuna anayetuambia walifikaje.

Zatoichi ya 2003 ni ya Jumamosi jioni na washkaji: kipofu mkandaji mwenye upanga ndani ya fimbo, nywele Kitano kazipaka rangi ya dhahabu bila kumwomba mtu radhi. Sikiliza wakulima wakilima: majembe yanaanguka kwa mdundo. Mwishoni kijiji kizima kinacheza ile dansi ya kugonga viatu aliyofundishwa Asakusa. Yule mtafsiri wa kibanda angeiweza hiyo akiwa usingizini.

Ya kutazama na mama ni Kikujiro, ya 1999. Mtoto wa Tokyo, likizo ya kiangazi, anakwenda kumtafuta mama ambaye hamkumbuki, akisindikizwa na mzee mmoja mhuni anayeanza kwa kuipoteza nauli kwenye kamari ya mbio za baiskeli. Tahadhari moja: kuna sini bustanini usiku ambapo mtu mzima anamsogelea mtoto kwa nia mbaya. Haiendi mbali, mzee anafika, lakini uwe umejua kabla hujambonyezea mama kitufe. Sehemu kubwa ya filamu ni ile michezo ya mchangani ya Sonatine, imerudi bila bastola, watu wazima wakijifanya pweza na tikiti maji ili mtoto asahau alichokiona. Safari nzima mtoto anamwita “mjomba”. Wakiagana ndipo anapomuuliza jina, na mzee anamjibu kwa kumfokea: Kikujiro, mpumbavu wee. Lile jina la fundi rangi wa Adachi.

Sonatine iache kwenye flashi kwa mwezi mmoja.